Chupa Aliyoirudisha Mpima

11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, nimepata chumba na kazi nimeanza. Chumba kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba, kina dirisha moja linalotazama paa la jirani. Kazini nimepewa kiti, ubao wa herufi na taa ndogo, na kuanzia saa mbili asubuhi ninapima macho ya watu. Baba anauliza kama ninalia. Mwambie silii, ila nimekonda kidogo. Hapo pa kukonda nimetia chumvi.

Sasa nije kwenye shida yangu. Uliniahidisha kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tutafungua chupa ya mvinyo wa aina moja, wewe huko na mimi huku, halafu tuandikiane tulichokisikia humo. Nikakubali upesi upesi, kumbe huku kumpata muuza mvinyo anayejua anachouza ni kazi kuliko hii niliyoajiriwa.

Nilianza na supamaketi. Nikamwonyesha dada wa rafu za mvinyo chupa mbili nyekundu, nikamuuliza zinatofautianaje. Akazigeuza zote mbili, akafikiri, akasema, "Hii ina picha ya farasi." Nilimshukuru kwa moyo mmoja maana hakunidanganya.

Duka la pili kulikuwa na bwana mwenye tai. Sijafunga mlango, tayari amenishikisha chupa ya bei kuliko zote. "Hii ndiyo wanayokunywa wakubwa." Nikamuuliza inakwenda na chakula gani. "Chochote." Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha huyu kilikuwa kinakimbia kabisa.

La tatu sikuuliza kitu. Chupa zimepangwa dirishani, jua la saa nane linazipiga, na niliposhika moja ilikuwa na joto la uji. Nikatoka zangu.

Shangazi, una miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta ya mvinyo. Mtu analijuaje duka zuri? Na chupa ya Juni unitajie mapema, nisije nikaikosa.

Kasuku wako


19 Mei

Kasuku,

Marahaba mwanangu. Baba yako nimemsomea barua. Lile la kukonda nililiruka, namjua kaka yangu, kesho yake angekuwa ndani ya basi na gunia la chakula.

Duka hulijui kwa rafu zake. Ingia, uliza jambo moja, kisha nyamaza. Muuzaji akikujibu kabla hajakuuliza chochote, huyo anataka kuondoa mzigo wake. Akikuuliza unakula nini, unakula na nani, na mara ya mwisho ulikunywa kipi ukakipenda, hapo vuta kiti. Halafu mtupie swali gumu. Akisema "sijui, nitakuulizia," umefika nyumbani. Anayejua kila kitu mkimbie, mwanangu, hata kama ana sura ya malaika.

Uliza pia wanafanyaje chupa ikirudi. Sheria ya bosi wangu unaijua: chupa ikirudishwa, muuzaji anaionja palepale mbele ya mteja, na neno lake ndilo la mwisho. Watu wanaipenda, inaondoa ubishi. Februari aliirudisha moja Mpima, yule mzee aliyekuwa mpima ardhi, mteja wangu tangu naanza kazi. Akasema mvinyo unanuka. Nikamimina, nikanusa, nikaonja, nikamwambia, "Mzee wangu, mvinyo ni mzima." Akanusa tena, akanitazama, akaniomba radhi, akasema labda pua imezeeka. Nikamwambia hayo hutokea. Akaibeba chupa yake akaenda. Sijui kwa nini nakuandikia haya, yamenijia tu.

Ile homa ya Januari imekwisha kabisa, kwa hiyo usianze kuniulizauliza.

Chupa ya Juni ni ile nyekundu yenye lebo ya kijani na mnara, ileile ya Mpima. Itafute mpaka uipate. Ukiifungua niandikie kila kitu, hata usichokipenda. Usinifiche.

Shangazi yako


7 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimelipata duka. Limebanwa katikati ya fundi viatu na kinyozi, ukipita haraka hulioni. Anauza mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na nimeshamwambia aje nimpimie macho bila foleni.

Aliniuliza yote uliyoyasema, kama vile mlisoma darasa moja. Alipofika kwenye "unakula na nani?" nikajibu peke yangu. Hakunionea huruma. Alisema basi chupa itanichukua siku tatu, akanionyesha namna ya kurudisha kizibo ili mvinyo usichache. Nikamtupia swali lako gumu: kwa nini mvinyo uleule mwaka jana ulikuwa mwepesi na mwaka huu mzito? Akasema, "Sijui. Pita kesho." Kesho yake nikapita, na alikuwa ameuliza.

Nilipomtajia lebo ya mnara alikunja uso. "Ninayo, lakini hiyo siitoi humu bila kuifungua kwanza." Akaifungua, akanusa mara moja tu, akanisogezea glasi. Shangazi, ilinuka kadibodi iliyolowa. Ilinuka nguo zilizosahaulika kwenye beseni siku mbili. Akafungua ya pili, ikawa vilevile. Akasema shida ni vizibo vyenye kuvu, shehena iliyotoka mwishoni mwa mwaka karibu nusu yake ni mbovu, na wote walionunua kwake amewapigia simu mmoja mmoja.

Kwa hiyo leo nimekunywa mvinyo mwingine na ahadi yetu nimeivunja, unisamehe. Natumaini yako imekuwa katika ile nusu nzima. Ya Mpima lazima ilikuwa nzima, maana uliionja wewe.

Kasuku wako


7 Juni

Kasuku,

Nimefungua chupa yetu saa saba mchana, nimekaa mezani karibu na dirisha. Ina matunda mekundu yaliyoiva, viungo kwa mbali, na mwisho laini unaodumu mdomoni. Nimeridhika nayo. Sasa nasubiri yako, na usichelewe.

Alhamisi Mpima alipita dukani. Amekuja na binti yake, amemshika kiwiko. Hakununua. Alisema tangu Februari hajanywa mvinyo, na funguo za gari amemkabidhi binti. Nyumba inauzwa, tarehe thelathini na moja Julai anahamia kwa binti. Wamempa chumba cha nyuma, kizuri, hakina ngazi. Alikuja kuniaga na kunishukuru. Ndiyo, kunishukuru. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyenizindua, mama. Nilipoona siwezi tena kuutambua mvinyo mzima, nikajiuliza ni mangapi mengine nayakosea bila kujua. Nikaanza kujichunguza, nikayaona mengi."

Binti yake naye akanishukuru. Ni mtu mzuri, anampenda baba yake. Nikawapa mkono wote wawili.

Uzee hauna dawa, tutafanyaje. Niandikie upesi kuhusu chupa.

Shangazi yako


16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani, na yangu sasa unayo. Nimeisoma yako mara nne. Baadaye nikaenda kwa yule mama wa miwani ya waya, nikamwomba chupa tupu ya lebo ya mnara. Ninayo hapa mezani. Nyuma yake pameandikwa: matunda mekundu yaliyoiva, viungo kwa mbali, mwisho laini unaodumu.

Labda yako ilikuwa nzima, sikatai. Lakini wewe tangu lini unasoma lebo? Ukiniandikia zamani nilipokuwa chuoni ulikuwa unasema mvinyo huu una harufu ya sanduku la shule, ule una harufu ya mwamba uliomwagiwa maji, mwingine unanukia shingo ya mtoto aliyetoka kuoga. Nimezitoa barua zako zote, tangu zile za chuoni, nikazipanga kitandani. Tangu Januari hakuna harufu hata moja. Kuna maneno ya wateja, kuna bosi, kuna hali ya hewa.

Nikueleze jambo la kazini. Jana alikuja dereva wa lori, akausoma ubao wangu wa herufi kuanzia juu mpaka mstari wa chini kabisa bila kukosea. Alisoma haraka mno. Nikautoa ule ubao nikaweka mwingine. Akakwama mstari wa pili. Ule wa kwanza alikuwa ameukariri alipokuwa amekaa kwenye benchi, watu wa mbele yake wakisoma kwa sauti. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena.

Shangazi, na mimi nakubadilishia ubao. Kahawa yako ya leo asubuhi ilinukiaje? Usinijibu kwa kumbukumbu.

Mficha maradhi kilio humuumbua, haya ulinifundisha wewe nilipoficha jino bovu. Na hapa kilio si chako peke yako. Mzee anauza nyumba yake kwa neno lako.

Mtoto wa kaka yako


24 Juni

Mwanangu,

Kahawa yangu hainukii kitu. Ni maji ya moto yenye uchungu.

Tangu ile homa. Niliamka siku moja nikadhani nimebanwa na mafua, nikangoja yaondoke. Yakaondoka, lakini harufu haikurudi. Ulimi bado unajua tamu, chachu, uchungu na ule ukakasi unaokausha fizi. Basi. Mengine yote yamefutika. Nimeunguza sufuria mbili. Nguo za baba yako nilipozifua sikujua kama zimetakata, nikazifua tena.

Sikumwambia mtu. Nimeuza kwa kukumbuka, na kwa kuuliza wateja maswali mengi mpaka wenyewe wananiambia wanachotaka. Utacheka ukisikia: mauzo yamepanda. Wateja wanasema siku hizi nawasikiliza vizuri.

Unajua mimi sikusoma. Wengine wana vyeti ukutani, mimi cheti changu kilikuwa hiki kipua kifupi mnachokicheka wewe na baba yako. Ndicho kilichonipa kazi, ndicho kilichofanya wanaume wenye magari makubwa wanyamaze nikizungumza. Siku ile Mpima aliporudisha chupa kulikuwa na wateja watatu, na bosi alikuwa amesimama mlangoni. Nilinusa nikasikia hewa. Neno "sijui" lilinifika hapa kooni nikalimeza. Nikaona heri nimwambie mzima, wengi huwa wazima. Yeye akaiamini pua yangu kuliko yake. Miaka ishirini na miwili amenipa imani, na nikaitumia kumpiga nayo.

Nikuambie na lililo baya zaidi. Ile chupa ya Juni sikuichagua kwa mapenzi. Nilitaka pua yako. Nilisema moyoni, mtoto akiniandikia kuwa ni mzima, nitalala usingizi. Ile barua ya lebo niliipeleka posta kesho yake asubuhi, yako ikafika wiki hiyohiyo. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikakaa sakafuni.

Nikisema, kazi imekwisha. Muuza mvinyo asiyesikia harufu ni nani? Nisiposema, mzee anahama. Nimeandika haya na bado sijajua nitafanya nini, na aibu hiyo nayo nakuletea uione.

Shangazi yako


30 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo mara mbili. Nimelia, sasa mwambie baba ukweli.

Sikukasirikii. Yule dereva wa lori pia sikumkasirikia, nilimpa kiti na maji. Lakini karatasi yake ya leseni sikuisaini, kwa sababu ya watu walioko barabarani ambao hawamjui na hawajamkosea. Wewe mtu wako wa barabarani ni mmoja tu, na anakushukuru.

Nimemuuliza daktari wa pua tunayepakana naye kazini. Anasema wengine hurudiwa na harufu baada ya mwaka au miwili, wengine haiwarudii. Nakuambia yote mawili kama alivyoniambia.

Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Ukitaka nije tufuatane mpaka mlangoni kwa mzee, nitakuja. Ila nadhani utapenda kwenda mwenyewe. Nenda tu, Shangazi. Kazi nyingine hutafutwa, hata kwa machozi, lakini nyumba yake ikishauzwa nani atamrudishia?

Kasuku wako


12 Julai

Kasuku,

Nimekwenda mwenyewe.

Nilianza na bosi, maana sikutaka asikie mitaani. Nilimwambia asubuhi kabla hatujafungua. Alikaa juu ya kreti. Halafu akasema, "Tangu Januari? Na mimi nilikuwa nakusifu." Amenitoa kwenye kuonja. Ameniacha kaunta mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo atanijibu. Chupa zote za mnara zimetolewa, na wote walionunua nimewapigia simu mimi. Wateja wawili walinitukana, mmoja aliniombea afya.

Jumamosi nikaenda kwa Mpima. Masanduku yamefika mpaka darini. Ramani zake zimeviringishwa na kusimamishwa kwenye ndoo kama mianzi. Binti alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Nilikuwa na chupa mbili zilizovalishwa soksi, moja ya mnara na moja nzima aliyoichagua bosi. Alizinusa na kuzivalisha yeye, mimi sikujua ipi ni ipi. Nikasema, "Mzee wangu, naomba uninusie hizi."

Akakataa. Akasema mambo hayo ameshayaacha, nisimtie aibu mbele ya mwanawe. Nikamwomba tena. Akachukua glasi ya kwanza kwa mikono miwili, akanusa, uso ukambadilika. Akaiweka. Akanusa ya pili, akarudi kwenye ya kwanza, kisha akasema taratibu, "Hii imeoza. Ni harufu ileile." Alinitazama akisubiri nimkosoe, Kasuku. Mtu mzima wa miaka sabini na minane alikuwa ananisubiri nimwambie kama pua yake ni yake.

Nikavua soksi. Ilikuwa ya mnara. Nikamwambia, "Umesema kweli leo na ulisema kweli Februari. Mimi ndiye nisiyesikia harufu, tangu Januari, na nilikuambia mzima kwa sababu niliogopa kusema sijui."

Binti akaacha kufunga vyombo. Mzee hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Unajua nimeishije miezi mitano hii?" Nikasema sijui. Akaniambia. Alikuwa akitoka nyumbani anarudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango, na kila mara umefungwa. Aliacha kujibu watu wakimuuliza tarehe. Alipima meza yake kwa futi, mtu aliyepima nusu ya wilaya, akapata jibu, asiliamini akapima tena mpaka akaitupa futi. Akanyanyuka akanifungulia mlango. Sikumwomba msamaha wa pili, wa kwanza ulikuwa haujapokelewa.

Sijui kama atahama. Nimefanya uliloniambia, na nafuu sijaipata. Lakini leo nimemwambia mteja mmoja, "Mimi harufu sisikii, nusa wewe uniambie," na sikufa.

Shangazi yako


21 Julai

Kwako muuza mvinyo,

Salaam. Ninaandika badala ya kuja kwa sababu nikija nitasema zaidi ya ninachotaka.

Nyumba haiuzwi. Binti yangu alilia, akadhani nitamlaumu. Nimemwambia yeye alifuata nilichomwambia mimi, na mimi nilifuata ulichoniambia wewe. Tumefungua masanduku tisa, yamebaki kumi na moja. Gari nitapimwa macho kwanza kabla ya kurudishiwa funguo, nimelitaka hilo mwenyewe. Kuna mambo umri umeyachukua kweli, lakini sasa nayahesabu moja moja, siyatupi yote shimoni kwa pamoja.

Nilikwenda duka jingine, lile la karibu na benki. Muuzaji ni mchangamfu, amenieleza mengi, na hakuna hata moja lililokuwa kweli. Sikununua. Nilirudi nimekukasirikia wewe zaidi kuliko yeye, kwa kuwa wewe unajua.

Msamaha ulioomba bado sijautoa. Nimeuweka mahali ninapouona.

Jana nilijipikia. Nilikuwa sebuleni nimeinamia ramani, nikasikia harufu ya kitunguu kinachoanza kuungua. Nikakimbilia jikoni, na kweli, kingo zake ndiyo kwanza zimegeuka rangi. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikacheka peke yangu mpaka nikashika ukuta. Halafu nikakukumbuka wewe, kwamba jikoni kwako kitaungua chote mpaka uone moshi. Hasira ikapungua kidogo. Kidogo tu, usije ukajisahau.

Njoo Jumapili ule hapa. Mvinyo nitauchagua mimi. Nitakuambia kila kitu kinavyonukia, na wewe utaniamini.

Mpima